Reli ya kaka na reli ya mdogo wake: je, zinaungana?

Mtoto wa kwanza alinunuliwa treni ya mbao alipotimiza miaka mitatu. Wa pili akazaliwa, shangazi akamletea treni nene ya plastiki yenye honi. Sasa yule wa kwanza ana miaka saba na anataka treni ya umeme kama ya rafiki yake. Sebuleni pana mashirika matatu ya reli, hakuna hata moja linalopokea behewa la mwenzake, na mzazi ndiye waziri wa uchukuzi. Kila Jumamosi asubuhi anaulizwa swali lile lile: kwa nini hii haiingii hapa?

Jibu fupi ni kwamba baadhi ya reli za watoto huungana vizuri kabisa, nyingi haziungani, na umri ulioandikwa kwenye boksi hauamui jambo hilo. Umri umewekwa kwa ajili ya koo la mtoto. Kuungana kwa reli kuliamuliwa zamani, siku ile mtengenezaji alipochagua kipimo chake cha kwanza, na siku nyingine zote alipoamua kukishika au kukitupa.

Wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kufundishwa habari hizi, maana jiji lao lina geji tatu za reli halisi. Reli ya zamani ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ina 1,067. SGR, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro mwaka 2024, ina 1,435. Tofauti kati ya reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini kwa sababu ya milimita hizo ilibidi pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu. Watengenezaji wa vichezeo nao wamegawanyika vivyo hivyo, isipokuwa wao wanagombana kwa milimita mbili tatu.

Ugomvi wenyewe una umri mkubwa. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionyesha treni ya kutia ufunguo pamoja na reli zilizokatwa kwa vipimo maalumu, kila kipimo na namba yake. Märklin ilianza kwa kutengeneza vyombo vya bati vya nyumba za wanasesere, na ilikwishajua kwamba mtoto akipata nyumba atataka jiko, akipata jiko atataka sufuria. Ikaipeleka akili hiyo kwenye treni: mwaka huu duara, mwaka ujao pointi ya kugawa njia, mwaka wa tatu daraja. Ili biashara hiyo iende, kipande cha mwaka wa tatu kilipaswa kuingia kwenye kipande cha mwaka wa kwanza. Marekani, kampuni ya Lionel ikaja mwaka 1906 na upana wake yenyewe wa takriban milimita 54, ikautangaza kuwa ndio kipimo cha dunia nzima, ilhali haukulingana na vipimo vya Märklin. Tangu hapo mzazi ameendelea kulipia majigambo ya namna hiyo.

Mbao

Habari njema ziko kwenye mbao. Mwaka 1958 kampuni ya Brio, kutoka mji mdogo wa Osby kusini mwa Sweden, ilitoa reli ya mbao ambayo hadi leo haijabadilika kwa jambo la maana. Chukua kipande kimoja mkononi. Ni ubao wenye upana wa kama sentimita nne na unene wa sentimita moja na kidogo, umechongwa mifereji miwili ambamo magurudumu hupita. Ncha moja ina ulimi wenye kichwa cha mviringo, ncha ya pili ina tundu la umbo hilo hilo. Chini yake, ukikigeuza, mara nyingi utaona herufi iliyogongwa: D ni kile kirefu kilichonyooka, E ni kona kubwa. Kona nane hufanya duara.

Wengine wakafuata. Bigjigs ya Uingereza, Hape, IKEA na seti yake ya Lillabo, na zile treni za mbao za Thomas, treni ya katuni yenye uso, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1992, zote zilikata mifereji kwa upana huo huo na ulimi kwa umbo lile lile. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Ukitaka kumuuzia mzazi ambaye chini ya kitanda chake tayari kuna boksi la Brio, mbao yako haina budi kuingia kwenye mbao yake.

Hapa ndipo umri tofauti unapokutana bila shida. Brio wana mstari wa watoto wa kuanzia miezi 18, wenye miteremko kwenye ncha za reli ili mtoto ambaye vidole vyake bado havijatulia aisukume treni tu ipande yenyewe, bila kuhangaika kulenga magurudumu kwenye mifereji. Vipande hivyo huungana na reli za kawaida za miaka mitatu na kuendelea, na juu ya reli hizo hizo hupita vichwa vya treni vya betri anavyovitaka mtoto wa miaka mitano. Kwa hiyo anayeanza na mbao anaweza kuwa na reli moja tangu mtoto anapojifunza kutembea hadi anapoingia shule ya msingi, na mdogo wake akaikuta pale pale.

Siri ya mbao ni ulegevu. Seremala mzuri angeona aibu kuacha ulimi ucheze ndani ya tundu namna ile, lakini uchezaji huo ndio unaosamehe tofauti za viwanda. Mtoto akijenga njia ndefu na kukuta ncha mbili za mwisho zimepishana kwa nusu sentimita, anasukuma huku, anavuta kule, kila kiungo kinatoa kidogo, na njia inafunga. Plastiki haitoi kitu. Tatizo analokumbana nalo mtoto wa mbao ni lingine: mara nyingi ncha mbili zinazokutana zote ni ndimi, au zote ni matundu. Dawa yake ni kipande kifupi chenye ndimi pande zote mbili, na kingine chenye matundu pande zote mbili. Vinauzwa. Seti nyingi za bei nafuu huja bila hivyo, na ningeshauri mzazi avinunue kabla ya daraja, kituo au winchi ya kupakia mizigo, kwa sababu bila hivyo nusu ya michoro iliyo kichwani mwa mtoto haiwezekani.

Mabehewa ni jambo la pili. Hushikana kwa sumaku, na sumaku ina ncha mbili. Kwenye aina nyingi, behewa likigeuzwa nyuma mbele linasukumana na mwenzake badala ya kushikana. Mtoto wa miaka miwili hulia, wa miaka minne huligeuza, wa sita hugundua kwamba anaweza kulisukuma behewa la mbele bila kuligusa na kusahau habari ya treni kwa saa nzima. Baadhi ya watengenezaji waliweka sumaku inayozunguka ndani ya kikombe chake, hivyo behewa hushika upande wowote. Ukichanganya aina mbili, angalia pia urefu: kichwa cha betri cha kampuni moja kinaweza kukwama chini ya daraja la kampuni nyingine, na hilo hulijui mpaka limetokea.

Kuna aliyejaribu kuvunja ukoo huu. Mwaka 2017 Fisher-Price, kampuni ya Mattel iliyokuwa imechukua treni za mbao za Thomas, ilibadilisha kiungo. Reli mpya hazikuingia kwenye za zamani bila kiunganishi maalumu. Wazazi waliokuwa na makasha yaliyojaa reli za miaka ya nyuma walilalamika, wakusanyaji wakalalamika zaidi, na baada ya miaka michache kampuni ikarudi kwenye ulimi na tundu la zamani. Ni mara chache mnunuzi wa kichezeo huushinda uamuzi wa kiwanda. Safari hii alishinda, kwa sababu ushahidi ulikuwa umejaa chini ya vitanda.

Plastiki

Kwenye plastiki kila mtu ana serikali yake. Wajapani ndio waliokuwa na nidhamu kuliko wote: Plarail, reli za buluu za Tomy zilizotoka mwaka 1959, hadi leo zinaungana na za mwaka huo. Babu wa Tokyo anaweza kutoa kona aliyochezea utotoni, mjukuu akaipachika kwenye seti ya jana. Lakini Plarail haiingii kwenye mbao, wala kwenye LEGO. Treni za plastiki za Thomas ziitwazo TrackMaster zilibadilishwa reli mwaka 2014, kwa hiyo hata seti mbili zenye jina moja na sura ile ile ya Thomas zinaweza kukataana. Jina la boksi halitoshi. Tazama kiungo.

Halafu kuna LEGO, na hapa pana kisa kinachostahili muda kidogo. Nayo ilizaliwa kwenye karakana ya seremala: Ole Kirk Kristiansen wa Billund, Denmark, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932. Tofali la plastiki tunalolijua, lenye mirija ndani, liliombewa hataza Januari 1958, mwaka ule ule wa reli ya Brio. Mwaka 1969 likaja Duplo, tofali la watoto wadogo, ambalo urefu, upana na kimo chake ni mara mbili ya lile la kawaida. Ukubwa wake kwa jumla ni mara nane, na ndiyo maana halimezeki.

Waliofanya hesabu hiyo walikuwa na busara. Kwa kuwa kila kipimo ni mara mbili kamili, na kwa kuwa vinundu vya juu vya Duplo vina uwazi katikati, tofali la kawaida la vinundu nane hukaa sawasawa juu ya vinundu viwili vya Duplo na kushika. Watu wengi wana aina zote mbili nyumbani na hawajawahi kujaribu. Mtoto wa miaka saba anaweza kuanzisha ghorofa kwa matofali ya mdogo wake na kulimalizia kwa yake, akaokoa nusu ya akiba ya matofali madogo.

Basi mzazi anafikiri: kama matofali yanaungana, reli nazo zitaungana. Haziungani. Reli ya Duplo imetengenezwa kwa treni pana, yenye magurudumu manene, inayovumilia kukanyagwa, na viungo vyake ni vikubwa kwa ajili ya mikono midogo isiyotulia. Reli ya LEGO ya wakubwa ni nyembamba, ina mataruma yenye vinundu, na viungo vyake hubanana kwa kulia “tak”. Hata mtu akichonga kiunganishi cha kuzishikiza ncha hizo mbili, jiometri inabaki kuwa adui. Kona za Duplo ni 12 kwa duara moja. Za LEGO ni 16. Kila kona ya Duplo inageuza njia kwa nyuzi 30, ya LEGO kwa nyuzi 22 na nusu, kwa hiyo ukizichanganya ovyo njia haitarudi ilikoanzia.

Lakini watoto, na hasa baba zao, wamepata njia ya kupitia mlango wa nyuma. Kwa kuwa reli ya LEGO hupachikwa juu ya matofali, na matofali hupachikwa juu ya Duplo, unaweza kujenga nguzo za Duplo na kupitisha reli ya kaka juu yake. Weka nguzo chini ya kila kiungo cha reli, kwa sababu hapo ndipo inapokatika treni ikipita. Juu ya kila nguzo weka tofali moja la kawaida kama mto, kisha bana reli. Mwinuko uwe wa polepole sana, kimo kidogo kwa kila kipande, la sivyo kichwa cha treni kitazungusha magurudumu pale pale huku mabehewa yakikirudisha nyuma. Chini, kati ya nguzo, treni ya Duplo ya mdogo inaendelea na safari zake. Injini yake ya toleo la 2018 ina kihisio cha rangi tumboni: ikipita juu ya kipande chekundu inasimama, ikipita juu ya cha njano inapiga honi. Reli hazijaungana hata kidogo, lakini nyumba imepata njia ya juu na ya chini, na kila mtoto anafanya kazi kwenye shirika lake.

Wapo waliochoka kusubiri viwanda vipatane. Mwaka 2012 wasanii wa Marekani Golan Levin na Shawn Sims walitoa bure michoro ya viunganishi karibu 80 vya kuchapwa kwa printa ya 3D, vinavyounganisha aina 10 za vichezeo vya kujengea, LEGO na Duplo zikiwemo. Ilikuwa nusu mzaha, nusu shutuma. Leo michoro ya viunganishi vya reli, mbao kwa plastiki, imetapakaa mtandaoni, na mwenye printa ya 3D mjini anaweza kukuchapia. Nina mashaka navyo kidogo. Vingi hufanya kazi kwa treni ya kusukuma kwa mkono, lakini ya betri hukwama pale kwenye kizingiti, mtoto akaishia kuiinua kila mzunguko. Hapo hujaunganisha reli, umejenga mpaka wa nchi.

Umeme huleta ukuta mwingine. Reli za LEGO zimekuwa na upana ule ule tangu treni yao ya kwanza mwaka 1966, lakini zile zilizotoka mwaka 1991 zilikuwa na utepe wa chuma juu, uliobeba volti 9 kutoka kwenye transfoma hadi kwenye mota. Za sasa ni plastiki tupu, treni inabeba betri yake. Ukizipachika pamoja zinaingiana bila tatizo. Treni ya betri itapita kote. Ile ya volti 9 itafika mahali chuma kinapokwisha na kufa ganzi. Kwenye treni za mfano za watu wazima hali ni mbaya zaidi: Märklin na wenzake wengi wana upana huo huo wa milimita 16.5, lakini Märklin hutumia njia ya tatu ya umeme katikati, na magurudumu ya behewa lake hayakutenganishwa kwa kihami. Liweke kwenye reli ya wengine yenye njia mbili na umepiga shoti.

Koo la mdogo

Sasa turudi kwenye ile namba ya boksi. Alama ya uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari, yenye 0–3, haikatazi mtoto mwerevu wa miaka miwili kuelewa treni. Inasema ndani ya boksi kuna kitu kinachoweza kuziba njia ya hewa. Marekani hupima kwa kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kikizama chote ndani ya kopo hilo, hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani, kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni kinatosha, kwa sababu ni kipana kidogo kuliko hicho na hivyo ni kikali zaidi. Pitisha abiria, dereva, taa na mizigo yote ya kaka. Kinachopita kinakaa juu ya kabati mdogo anapokuwa macho.

Sumaku ndiyo inayonitia hofu zaidi. Moja ikimezwa huenda ikapita. Mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana tumboni, zikabana ukuta wa utumbo katikati yao na kuutoboa. Kwenye behewa zima la mbao sumaku imefungiwa, lakini behewa lililopasuka kwenye ncha halifai kurekebishwa kwa gundi. Tupa. Betri ndogo za mviringo nazo huchoma koo kwa saa chache, kwa hiyo kifuniko kisicho na skrubu kinahesabiwa kuwa hakipo.

Haya yana uzito kwetu kwa sababu reli nyingi nzuri zinafika Afrika Mashariki kama mitumba, zimetiwa kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwa utepe: mbao, plastiki ya buluu, kona za Duplo, Thomas asiye na gurudumu. Bei ni ya kupendeza. Lakini Juni 2007 kampuni ya RC2, iliyokuwa ikiuza treni za Thomas wakati huo, iliwaomba wateja wa Marekani warudishe takriban treni na vipande milioni 1.5 vya mbao vya Thomas vilivyouzwa tangu Januari 2005, kwa sababu rangi zake, nyekundu na njano, zilikuwa na risasi. Vitu vya mbao havifi haraka. Reli tupu isiyopakwa rangi haina tatizo hilo, kwa hiyo mimi kwenye mfuko wa mitumba ningechukua reli, na mabehewa mekundu ya zamani yaliyobambuka ningemwachia muuzaji.

Ukienda sokoni, beba mfukoni kipande kimoja cha reli ya nyumbani. Usimuulize muuzaji kama zinaingiana, atasema ndiyo. Pachika mwenyewe, ncha zote mbili, kisha inua: mbao nzuri hushika bila kuchomoka, na behewa hupita kwenye kiungo bila kuruka. Kama ulimi umekaza kidogo tu, usiache kununua. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hasa huku pwani, na baadhi ya kampuni hubandika ndimi za plastiki ambazo tangu mwanzo ni nene. Msasa laini kwenye mzunguko wa ulimi, mara mbili tatu, unatosha. Ukizidisha, kiungo kitachomoka kila treni ikipita.